Aibu ya Eltham, Dhima ya Galway

Mwezi wa Novemba 1890, katika mwaka ule ule ambao serikali ya Lord Salisbury ilipatana na Wajerumani juu ya Unguja na kisiwa cha Helgoland, mhubiri mmoja wa Kimethodisti wa mjini London, Hugh Price Hughes, alitoa katika gazeti lake hukumu ambayo, kwa ukali wake na kwa wingi wa watu iliowakusudia, inastahiki kurejewa na kila anayeuliza kama dosari ya nafsi ya mwanasiasa huwapaka matope na wale wanaomfuata. Hakutosheka kusema kwamba Charles Stewart Parnell, kiongozi wa Waayalandi katika Bunge la Uingereza, alikuwa mzinifu, jambo ambalo mahakama ilikuwa imekwisha kulithibitisha siku chache kabla; alisema kwamba Waayalandi, lau wataendelea kwa makusudi kumweka mtu wa namna hiyo kuwa mwakilishi wao, watakuwa wamejithibitisha wenyewe kuwa ni taifa chafu, lisiloweza kujitawala, na kwamba linalowastahiki ni kutawaliwa kwa mkono wa jeshi. Wala Hughes hakuwa adui yao. Alikuwa miongoni mwa Waingereza waliotaka Ayalandi ipewe madaraka ya ndani, na hilo ndilo lililoipa hukumu yake uzito, kwa kuwa shutuma ya rafiki husadikiwa upesi kuliko ya hasimu.

Tuitazame hoja hiyo kwa utulivu, maana ingali hai, na kila msimu wa uchaguzi huvaa kanzu mpya. Inaanza katika nyumba moja ya Eltham, kitongoji cha kusini-mashariki ya London, na inaishia katika haki ya kisiasa ya watu takriban milioni 4.7, ambao wengi wao walikuwa wakulima wapangaji wasiopata kuiona nyumba hiyo wala kulisikia jina lake, na ambao walimjua kiongozi wao kwa hotuba zake na kwa kodi za ardhi zilizopungua baada ya hotuba hizo. Kinachoziunganisha ncha hizo mbili ni tendo la kuchagua: anayemchagua mtu, kwa rai ya Hughes, ameyachagua na yote yaliyomo ndani ya mtu huyo. Watu wetu wana methali yao ya samaki mmoja akioza, na huitumia kwa wepesi katika mambo kama haya. Lakini samaki wa tenga moja hawakuchaguana, wala hakuna aliyemwuliza yeyote kati yao anataka kulazwa ubavuni mwa nani, ilhali shutuma ya mhubiri ilisimama juu ya hiari. Kwa hiyo hatuna budi kuipima hiari yenyewe: mfuasi alijua nini, alitaka nini, na alitakiwa atoe nini. Mimi nashikilia kwamba dosari ya kiongozi haimfikii mfuasi kwa njia ya kumfuata peke yake, bali humfikia pale inapotolewa faraghani ikakabidhiwa mikononi mwake aibebe, naye akakubali. Na katika kisa cha Parnell mahali hapo hapakuwa Eltham.

Parnell hakuwa mtu ambaye ungemdhania kuwa kipenzi cha wakulima wa Kikatoliki. Alizaliwa mwaka 1846 katika shamba la Avondale, wilaya ya Wicklow, katika aila ya makabaila wa Kiprotestanti. Alisoma Cambridge asimalize. Alikuwa baridi wa mwenendo, mchache wa maneno, na, kwa kichekesho cha majaaliwa, aliiogopa rangi ya kijani, ambayo ndiyo rangi ya taifa lake, akiiona kuwa ina nuksi. Walakini mwaka 1879, mavuno yalipoharibika na wapangaji wakawa wanafukuzwa katika mashamba, Michael Davitt alipounda Jumuiya ya Ardhi alimwomba Parnell awe rais wake, naye akaitia jumuiya hiyo nguvu iliyolilazimisha Bunge kupitisha sheria ya mwaka 1881, ambayo iliwapa wapangaji mahakama za kukadiria kodi ya haki. Alifungwa katika gereza la Kilmainham tangu Oktoba 1881 mpaka Mei 1882, na kifungo hicho kikamzidishia jaha. Katika uchaguzi wa mwaka 1885 chama chake kilipata viti 86, idadi iliyomwezesha kuipandisha serikali na kuishusha. Na mwaka uliofuata William Gladstone, kiongozi wa Waliberali, akaleta mswada wa madaraka ya ndani, ambao Bunge la Makabwela liliukataa kwa tofauti ya kura 30. Mtu aliyempenda Parnell mwaka 1886 alimpenda kwa mambo hayo, nayo hayakuwa madogo.

Eltham palikuwa pahali pengine kabisa. Tangu mwaka 1880 Parnell alikuwa na mapenzi na Katharine O'Shea, mke wa Kapteni William O'Shea, afisa mstaafu wa wapanda farasi ambaye mwenyewe alikuwa mbunge wa Ayalandi, na ambaye kwa miaka mingi aliishi mbali na mkewe. Bibi huyo alimzalia Parnell watoto watatu, na wa kwanza wao alifariki angali mchanga mwaka 1882, baba yake akiwa ametolewa Kilmainham kwa ruhusa ya siku chache. Kapteni alijua, au alichagua kutojua, kwa kuwa mkewe alikuwa na shangazi tajiri mwenye umri mkubwa, na urithi wa shangazi usingefika katika nyumba iliyovunjika kwa fedheha. Shangazi alifariki mwaka 1889, mali yote akamwachia Katharine, nduguze wakaupinga wasia, na mkesha wa Krismasi wa mwaka huo huo O'Shea akafungua kesi ya talaka akimtaja Parnell. Na wakati wote huo, ni nani aliyekuwa akipeleka na kupokea barua za siri baina ya Parnell na Gladstone? Alikuwa Katharine O'Shea. Mzee Gladstone, mtu mcha Mungu kweli kweli, alipokea barua za bibi huyo tangu mwaka 1882, na hakuona haja ya kuuliza kwa nini kiongozi wa Waayalandi anapatikana kwa mkono wa mke wa mtu mwingine.

Kesi ilisikilizwa tarehe 15 na 17 Novemba 1890. Parnell hakujitetea, kwa sababu alitaka talaka ipite ili amwoe, na kwa kutojitetea akaacha kila kilichosemwa na mashahidi wa upande wa pili kisimame bila ya kupingwa: nyumba zilizopangwa kwa majina ya bandia ya Fox na Preston, na mtumishi aliyedai kwamba bwana huyo aliwahi kukimbilia ngazi ya kuokokea moto ili Kapteni asimkute. Kisa cha ngazi kilimdhuru kuliko zinaa yenyewe, maana watu humsamehe mkosaji kabla ya kumsamehe mtu wa kuchekesha. Siku tatu baadaye, katika ukumbi wa Leinster mjini Dublin, mkutano mkubwa wa wafuasi wake ulimwitikia kwa shangwe na kuthibitisha imani yake kwake. Kwa Hughes na wenziwe, huo ulikuwa ushahidi wa mwisho: wamejua, na wamemchagua.

Lakini walijua nini? Anayewahukumu watu wa Leinster Hall kwa walichofanya tarehe 20 Novemba, bila ya kutazama yaliyowapata katika miaka mitatu iliyotangulia, hana insafu. Mwezi wa Aprili 1887 gazeti la The Times la London lilichapisha barua iliyodaiwa kuwa ya Parnell, iliyoonyesha kuwa hakuchukizwa kwa dhati na mauaji ya maofisa wa serikali yaliyotokea Dublin mwaka 1882. Wakubwa wa Uingereza wakaisadiki. Tume ya majaji ikaundwa. Na Februari 1889, mbele ya majaji hao, Richard Pigott aliyeiuza barua hiyo akabanwa kwa maswali mpaka ikawa bayana kwamba aliighushi kwa mkono wake. Alikimbilia Madrid, na huko akajiua kwa bastola. Parnell aliporudi bungeni Waliberali walisimama kumshangilia. Na miongoni mwa mashahidi waliokwenda mbele ya tume ile ile kusema dhidi yake alikuwamo Kapteni O'Shea. Sasa mtu huyo huyo, kabla haujatimia mwaka tangu uwongo ule kufichuka, anamshitaki Parnell kwa jambo jingine. Mkulima wa Mayo afikiri nini? Hakuwa mjinga akidhani kwamba ni hila nyingine iliyopikwa katika jiko lile lile. Fauka ya hayo, Parnell alikuwa amemhakikishia Davitt kwamba atatoka katika kesi hiyo bila ya doa, na Davitt, aliyeyafahamu maneno hayo kama mtu mwadilifu anavyoyafahamu, akayasadiki. Imani ya namna hiyo, iliyojengwa juu ya ushahidi uliopo na juu ya ahadi ya mtu ambaye hajapata kukudanganya, si shirika katika kosa. Ni kudanganywa, na aliyedanganywa ana dai juu ya mdanganyifu, hana deni kwa mtu wa tatu anayepita njiani.

Davitt ndiye aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wakubwa wa harakati kusema hadharani kwamba Parnell ajiuzulu, na alisema hivyo kabla ya Gladstone na kabla ya maaskofu. Mtu angetazamia kwamba mkutano wa Leinster Hall ungekoseshwa udhuru na msimamo wake. Haiwi hivyo, kwani dhamiri ya mmoja haifuti ujinga wa kweli wa wengi, ila huuwekea muda. Tangu siku ile Davitt aliposema, udhuru wa kutojua ulianza kwisha, kwanza kwa wabunge, kisha kwa wenye magazeti, na mwishowe, polepole, kwa mkulima.

Hapo ndipo inapotupasa kuacha kusema 'wafuasi' kana kwamba ni mwili mmoja, kwa kuwa wapo waliojua zamani. Mwezi wa Mei 1886 gazeti moja la jioni la London lilieleza habari ya ajali ndogo ya gari la farasi la Parnell huko karibu na Eltham, na kwa maneno ya adabu yenye ncha likawajulisha wasomaji kwamba mheshimiwa huyo ana makazi yake ya pembeni katika kitongoji hicho. Wabunge walisoma. Walakini hata kabla ya hapo, mwezi wa Februari wa mwaka huo, kundi dogo la viongozi wa chama lilikuwa limekwisha kukabiliana na siri hiyo, si kwa kuisoma gazetini, bali kwa kutakiwa waitumikie.

Kiti cha jimbo la Galway kilikuwa wazi. Kapteni O'Shea, aliyeshindwa huko Liverpool katika uchaguzi mkuu uliotangulia, alikitaka, na Parnell akaazimia apewe. Ili kufahamu uzito wa azimio hilo sharti tukumbuke kwamba nguvu zote za chama cha Parnell zilitoka katika ahadi moja, ambayo kila mgombea wake alitakiwa kuitia saini: kwamba atakaa, atatenda na atapiga kura pamoja na wenzake, na kwamba akiona hawezi atakirudisha kiti. Watu maskini wa Ayalandi, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiwapeleka London mabwana wa kwenda kujitafutia vyeo, kwa ahadi hiyo walipata kwa mara ya kwanza wabunge waliokuwa mali yao. O'Shea alikataa kuitia saini. Hakuwa na mapenzi na Galway wala Galway nayo haikuwa na mapenzi naye, na tayari wenyeji walikuwa na mtu wao, Michael Lynch. Kwa hiyo Parnell aliwaambia wafuasi wake, kwa kutenda kuliko kwa kunena, kwamba kanuni ambayo kwa ajili yake walifukuza wengine itawekwa kando mara moja kwa mtu mmoja. Na hakueleza kwa nini.

Wabunge wawili wa chama, Joseph Biggar na Tim Healy, walikwenda Galway kumpinga O'Shea. Ninampenda Biggar katika kisa hiki kuliko wote, kwa sababu hakuwa walii, wala hakujifanya kuwa walii: miaka mitatu kabla alishitakiwa na mwanamke kwa kuvunja ahadi ya ndoa, akatozwa fidia, na watu wakacheka. Hakuchukizwa na Eltham kwa sababu ya usafi wake mwenyewe. Alichokikataa ni kwamba bili ya Eltham iletwe Galway kulipwa na wapiga kura, na alisema hivyo waziwazi, akimtaja Katharine mbele za watu. Kisha Parnell akashuka katika treni. Aliwaambia wazi kwamba madaraka ya ndani yamekaribia mno, kwamba kumkataa mgombea wake katika saa hiyo kutawapa maadui silaha, na kwamba aliye pamoja naye atamwunga mkono. Healy alilegea, Biggar hakulegea, lakini alibaki peke yake. O'Shea akachaguliwa. Mwezi wa Juni, mswada wa Gladstone ulipopigiwa kura, mbunge huyo wa Galway alitoka nje ya ukumbi bila ya kupiga kura, kisha akakirudisha kiti.

Wapo wanahistoria wanaomtetea Parnell kwa kusema kwamba O'Shea alikuwa njia ya kumfikia mwanasiasa wa Kiliberali Joseph Chamberlain, na kwamba hesabu za siasa zilitosha kueleza uteuzi huo bila ya kumtaja mwanamke. Utetezi huo una uzito wake, nami siudharau. Lakini haubadili mizani ya swali letu, kwa kuwa tunawapima wafuasi, na wafuasi walioisikia habari hiyo kutoka kwa Biggar waliielewa kama alivyoielewa Biggar. Wakaielewa, wakanyamaza, na wengi wao wakaenda kumfanyia kampeni mtu ambaye hata ahadi ya chama aliikataa. Hapa siri ilitoka katika nyumba ya watu ikaingia katika sanduku la kura. Kabla ya Galway, Parnell alikuwa na dosari na wafuasi walikuwa na kiongozi. Baada ya Galway, wabunge kadhaa, wenye magazeti wachache na Healy mwenyewe walikuwa na hisa katika dosari hiyo, hisa waliyoinunua kwa kiti cha watu wengine. Na angalieni jinsi kosa lenyewe lilivyogeuka sura: halikuwa tena zinaa, ambayo ni hesabu ya mtu na Mola wake na watu wa nyumba yake, lilikuwa khiyana ya amana ya wapiga kura, ambayo ni hesabu ya umma.

Hughes hakutaja Galway katika hukumu yake. Sistaajabu, shutuma ya Galway ingewahusu watu thelathini au arubaini wanaotajika kwa majina, tena ingehitaji uchunguzi, ilhali shutuma ya Eltham inaweza kumwagwa juu ya taifa zima kwa sentensi moja.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita kwa haraka, isipokuwa mahali pawili. Tarehe 25 Novemba wabunge wa chama walimchagua tena Parnell kuwa mwenyekiti wao. Saa chache baadaye ikatangazwa barua ya Gladstone iliyosema kwamba Parnell akiendelea kuongoza, jambo la Ayalandi litaangamia na uongozi wa Gladstone mwenyewe utakuwa si chochote. Barua hiyo ilikusudiwa iwafikie kabla ya uchaguzi, na haikuwafikia. Tangu tarehe 1 mpaka 6 Desemba walijadiliana katika Chumba cha Kamati nambari 15, Parnell mwenyewe akiwa kitini akizuia kura ya kumwondoa isipigwe, mpaka mbunge mwenzao Justin McCarthy akasimama akatoka, wakatoka pamoja naye wengi wa wabunge. Walioondoka walikuwa 45, waliosalia 28. Maaskofu wa Kikatoliki, waliokuwa kimya tangu hukumu ya mahakama, walitoa tamko lao tarehe 3 Desemba, wakati mjadala umo katikati.

Mahali pa kwanza pa kusimama ni hapa: wale 45 hawakumwacha Parnell kwa zinaa. Kama ni zinaa, waliijua kwa siku nane nzima kabla ya kumchagua tena. Walimwacha kwa sababu bei ya kumweka ilikuwa imepanda, na bei hiyo ilikuwa urafiki wa Waliberali, ambao bila ya wao hakuna madaraka ya ndani. Mimi siwalaumu kwa hilo hata kidogo. Mwanasiasa anayepima gharama kwa niaba ya waliomtuma anafanya kazi yake. Ninachowalaumu ni joho la uchamungu walilolivaa baadaye. Healy, yule yule aliyelegea Galway, sasa akawa mkali kuliko maaskofu. Katika mikutano ya hadhara alimfanya Katharine kuwa kichekesho na tusi, na hata baada ya Parnell kuingia kaburini aliendelea kumtukana mjane wake kwa maneno ambayo sitayarudia. Kama tunatafuta mahali ambapo ufuasi ulimchafua mtu, ufuasi wa upande ulioitwa safi ulimchafua Healy zaidi, kwani aliyemwongoza kufanya hivyo hakuwa Parnell.

Mahali pa pili ni waraka ambao Parnell aliutoa tarehe 29 Novemba kwa watu wa Ayalandi. Humo alifichua mazungumzo ya faragha aliyofanya na Gladstone nyumbani kwake Hawarden mwaka uliotangulia, akadai kwamba Gladstone alikusudia kupunguza wabunge wa Ayalandi kutoka 103 hadi 32 na kuwanyima madaraka ya kweli. Gladstone alikanusha. Lakini tuseme kila neno lilikuwa kweli: Parnell alikuwa ameyajua hayo kwa takriban mwaka mzima, na mwaka huo wote alimsifu Gladstone majukwaani na kuwaamrisha watu wake wamsifu. Sasa, ili mtu mmoja abaki kitini, waliobaki naye walitakiwa waikane imani waliyoihubiri wiki iliyopita na wamwite haini yule waliyemwita mkombozi. Wabunge John Dillon na William O'Brien, waliokuwa Marekani wakikusanya fedha, walikuwa wangali wakisitasita juu ya talaka. Walipousoma waraka huo wakakata shauri dhidi yake. Hawa walikuwa na kipimo sahihi. Waliona kwamba talaka haiwadai chochote, lakini waraka unawadai ndimi zao. John Redmond, mtu mwungwana na baadaye kiongozi wa chama kizima, alibaki, na aliubeba waraka huo. Naye kwa miaka iliyofuata alilazimika kuueleza kila alipotaka kurudi kwa Waliberali kuomba lile lile ambalo waraka ulisema hawatatoa.

Na mpiga kura wa kawaida? Mwezi wa Desemba 1890 palikuwa na uchaguzi mdogo katika jimbo la Kilkenny Kaskazini. Mgombea wa waliomwacha Parnell, Sir John Pope Hennessy, aliyewahi kuwa gavana wa Hong Kong na wa Mauritius, alipata kura 2,527. Mgombea wa Parnell alipata 1,362. Kampeni ilikuwa chafu: huko Castlecomer Parnell alitupiwa chokaa usoni, akamaliza safari jicho limefungwa kitambaa. Mapadri walisimama milangoni mwa vituo. Sasa watu hao 1,362, waliopiga kura wakijua kila kitu, hukumu ya mahakama, barua ya Gladstone na tamko la maaskofu, je, wao walichagua zinaa? Wapo bila shaka waliokumbuka kodi zilizopungua. Wapo waliokasirika kuona Mwingereza anawachagulia kiongozi. Wapo waliokuwa na deni la shukurani kwa mtu aliyefungwa kwa ajili yao na ambao, kwa murua wao, hawakuona kwamba shukurani huisha siku mtu anapofedheheka. Katika sababu zote hizi siioni hata moja ambayo Eltham imo ndani yake. Huenda walikosea, mimi ningepiga kura pamoja na wale 2,527, kwa sababu ya waraka. Lakini kukosea katika hesabu ya siasa ni kitu kimoja na kuchafuka tabia ni kitu kingine, na anayevichanganya aghalabu hufanya hivyo kwa faida yake.

Parnell alimwoa Katharine tarehe 25 Juni 1891, mwaka huo huo alishindwa katika chaguzi ndogo za Sligo na Carlow kama alivyoshindwa Kilkenny, akahutubia kwa mara ya mwisho katika mvua huko Creggs mwezi wa Septemba akiwa mgonjwa, na tarehe 6 Oktoba akafariki huko Hove, umri wake miaka 45. Chama chake kilibaki vipande mpaka mwaka 1900.

Liko jambo moja ambalo Hughes hakuulizwa, nami ningependa aulizwe. Wakati huo huo Waliberali waliojitenga na Gladstone kwa sababu ya madaraka ya ndani walikuwa wakiongozwa na Lord Hartington, mrithi wa Duke wa Devonshire, mtu mwenye adhama, ambaye kwa karibu miaka thelathini alikuwa na mapenzi na Louisa, mke wa Duke wa Manchester. Habari hiyo ilijulikana katika kila nyumba kubwa ya London. Wenyeji wa karamu waliwaalika wote wawili na kuwapangia vyumba kwa busara. Mtu atasema kwamba hapakuwa na kesi, na kwamba siri iliyositiriwa si sawa na fedheha iliyotangazwa mahakamani. Namkubalia, lakini akubali naye kwamba basi kilichopimwa Novemba 1890 hakikuwa zinaa wala wafuasi wa mzinifu, bali ni nani ana mume wa kukaa kimya na ni nani hana. Fauka ya hayo, wafuasi wa Hartington walikuwa mabwana waliozaliwa wakitawala, na hakuna aliyekuwa akingojea ushahidi wa kwamba wanafaa. Waayalandi walikuwa wakiomba, na mwombaji hukaguliwa mpaka kucha.

Duke wa Manchester alifariki mwaka 1890. Hartington akarithi cheo cha baba yake Desemba 1891, na Agosti 1892 akamwoa Louisa. Mwezi wa Septemba 1893 mswada wa pili wa madaraka ya ndani, uliokwisha kupita katika Bunge la Makabwela, ulifika mbele ya Baraza la Malodi, na aliyesimama kutoa hoja kwamba ukataliwe alikuwa Duke wa Devonshire, bwana arusi wa mwaka mmoja. Malodi 41 waliukubali. Waliomfuata Duke walikuwa 419, nami sijapata kusoma popote hukumu ya mhubiri yeyote juu ya tabia zao.